Kuomba, Kutafuta na Kudai katika "Njaa" ya Knut Hamsun

Mwaka 1890 kilitoka mjini Copenhagen kitabu kisicho kikubwa kiitwacho Sult, yaani Njaa, kilichotungwa na Knut Hamsun, mtu wa Norwei. Sehemu yake moja ilikuwa imekwisha kutokea miaka miwili nyuma, 1888, katika jarida la Ny Jord, bila ya jina la mtungaji. Kitabu hicho kimefasiriwa katika lugha nyingi. Kwa Kiingereza pekee kimefasiriwa mara kadhaa: kwanza na bibi aliyejificha nyuma ya jina la George Egerton (1899), kisha na mshairi Robert Bly (1967), kisha na Sverre Lyngstad (1996). Wahakiki wa Ulaya aghalabu hukisoma kuwa kitabu cha nafsi, akili ya mtu mmoja ikipanda na kushuka kama homa, wala hawaoni kisa ndani yake. Rai hiyo si ya makosa, kwani mtungaji mwenyewe hakupenda kitabu chake kihesabiwe kuwa hadithi ya mtindo uliozoeleka. Walakini ina upungufu mkubwa. Huiacha kando kazi anayoifanya mtu yule mchana kutwa, na kazi hiyo ni kutafuta kazi.

Habari zenyewe zaelezwa upesi. Kijana asiyetajwa jina anakaa katika mji wa Kristiania, ambao tangu 1925 waitwa Oslo. Hana kazi, hana jamaa, na chumba alichopanga ni cha kulipiwa kwa ahadi. Huandika makala ili ayauze kwa magazeti. Mara moja moja hupata fedha kidogo, na zikiisha hurudi katika njaa. Sehemu za kitabu ni nne, na kila moja yaanza mtu huyu akiwa amekwisha kuanguka tena. Hamsun hakuyabuni hayo yote. Alizaliwa 1859, na kati ya miaka ya themanini ya karne ile alipata dhiki katika mji huo huo; alikwenda Marekani mara mbili, na mjini Chicago alikuwa kondakta wa tramu. Miaka hiyo ilikuwa mizito kwa nchi yake. Katika mwaka 1882 pekee Wanorwei zaidi ya 28,000 walihama kwenda ng'ambo. Lakini msomaji atakayeifungua Njaa ili aelezwe sababu za uhaba wa kazi atatoka mikono mitupu, maana kitabu hakisemi neno juu ya bei, wala serikali, wala matajiri. Kinasema tu jinsi mtu anavyosimama mbele ya mwingine mwenye uwezo wa kumkubali au kumkataa.

Karibu na mwanzo yupo mtu huyo katika kumbukumbu ya kikosi cha zimamoto. Wanaume kama hamsini wamepangwa ukumbini, kila mmoja ametunisha kifua ili aonekane shupavu. Msimamizi apita akiwashika mikono na kuwauliza maswali. Afikapo kwake atikisa kichwa na kupita, kwa sababu ya miwani. Siku ya pili yeye aja bila miwani, amekunja uso ili macho yake yaonekane makali kama kisu, na msimamizi apita tena huku akitabasamu, maana amemjua. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Mara ya kwanza hakutambuliwa kuwa mtu wa kufaa. Mara ya pili alitambuliwa, na kutambuliwa huko ndiko kulikomfukuza. Kiswahili kina neno moja, kutambua, kwa mambo hayo mawili: kuijua sura ya mtu na kuikiri thamani yake. Kitabu chote chaenda kati ya maana hizo mbili. Mtu huyu aogopa mno kutambuliwa kwa maana ya kwanza, na afa kwa kukosa ile ya pili.

Kisha yapo maombi aliyoyapeleka kwa mfanya biashara aliyetaka karani wa hesabu. Barua ile aliitia tarehe ya mwaka 1848, miongo mingi nyuma, pengine hata kabla hajazaliwa. Mwenye duka ameona kosa hilo, na ampa jibu fupi: mtu asiyeweza kuangalia tarakimu hafai kuandika hesabu. Wahakiki wengi hucheka hapo, na ni haki yao, maana jambo lenyewe lachekesha. Lakini yafaa kukumbukwa kwamba barua ya kuomba kazi ni maandishi ambayo kila neno lake hupimwa na mtu asiyemjua mwandishi wala hataki kumjua. Katika mamia ya maneno aliyoyaandika kijana huyu mwaka ule, hayo ndiyo pekee yaliyosomwa kwa makini, na yalisomwa ili kutafutwa kasoro.

Neno lililotumika sasa hivi, kuomba kazi, ndilo lililo kiini cha uhakiki huu. Katika lugha ya Hamsun mambo matatu yana vitenzi vitatu. Mwenye kutaka kazi "hutafuta" (barua yake yatokana na mzizi huo huo wa kutafuta). Maskini wa njiani hana kitenzi hicho, anacho chake, kisicho na heshima. Na aswaliye ana cha tatu. Katika Kiswahili kitenzi kimoja chatosha. Karani huomba kazi, maskini huomba sadaka, mja humwomba Mungu, na ombaomba amefanywa kuwa jina la mtu kwa kukariri kitenzi hicho hicho. Mtu yeyote atakayekitia kitabu hiki katika Kiswahili atakutana na shida hii tangu kurasa za mwanzo. Akiandika kwa mazoea kwamba kijana aliomba kazi ya zimamoto, atakuwa amelivunja ukuta alilolijenga mtu yule kwa jasho lake lote, maana haja yake kubwa, kuliko hata mkate, ni kwamba kutafuta kwake kusifananishwe na kuomba. Afadhali mfasiri ajizuie, aandike "alitafuta" au "alijiandikisha" palipo na kazi, na kitenzi cha kuomba akiweke akiba.

Ushahidi ni mwingi. Kijana akutana na mzee mchechemeaji anayetaka fedha ya maziwa. Yeye mwenyewe hana hata senti. Badala ya kusema hivyo aenda kwenye duka la rehani, avua kizibao chake, akiweka rehani, na kurudi mbio ampe mzee sehemu ya fedha alizopata. Yule mzee aitazama suruali yake magotini, aona jinsi ilivyochakaa, na ataka kuirudisha sarafu. Hapo ndipo hasira yawaka. Tusi hilo la kimya, kwamba ombaomba amemwona yeye kuwa maskini mwenzake, lamchoma kuliko kukataliwa na matajiri kumi. Aanza kueleza kwa ukali kwamba fedha hiyo ilikuwa deni, na kwamba hakufanya ila kulipa. Kisha akumbuka kwamba amesahau kipande cha kalamu ya risasi katika mfuko wa kizibao, arudi dukani, na kwa kuwa aona aibu kurudia kitu kidogo vile, amweleza mwenye duka kuwa kalamu hiyo ndiyo iliyomfanya awe alivyo duniani, kwa kuwa aliitumia kuandika kitabu cha falsafa cha juzuu tatu. Waswahili wanalo jina kwa mtu wa namna hii: maskini jeuri. Jina hilo ni la dhihaka, lakini ndani yake mna kiasi cha sifa, na mchanganyiko huo ni wa Hamsun hasa.

Kilele cha jambo hili ni usiku wa kituo cha polisi, katika sehemu ya pili. Hana pa kulala, na watu wasio na makao hupokewa huko wakijiandikisha. Angeweza kusema kweli. Lakini afisa aulizapo jina na kazi, ulimi wasema kabla ya akili: yeye ni Andreas Tangen, mwandishi wa gazeti, aliyekawia mjini akapoteza ufunguo. Afisa ashika adabu mara moja, na bwana mwandishi apelekwa katika chumba kizuri, cha watu wa heshima. Asubuhi wale wengine, wasio na makao kwa jina na kwa kweli, waitwa mmoja mmoja na kupewa cheti cha chakula. Yeye hapewi. Atakiwaje cheti na mtu aliyepoteza ufunguo tu? Atoka amejikaza, na njaa ya siku kadhaa tumboni.

Waswahili husema kwamba mwenye njaa hana miiko. Methali hiyo imekubaliwa tangu zamani, na mambo ya kila siku yaonekana kuithibitisha. Hamsun aandika kitabu kizima juu ya mtu ambaye kadiri njaa inavyozidi ndivyo miiko yake inavyoongezeka. Hawezi kusema kuwa hana kitu. Hawezi kupokea bila kuwa na cha kurudisha. Hawezi hata kumtaka mwuza nyama kipande cha mfupa ila kwa kusema ni cha mbwa wake. Mfupa ule autafuna gizani penye lango, na tumbo laurudisha. Si kwamba methali imekosea. Methali yasema juu ya mtu aliye miongoni mwa watu wanaomjua, ambao miiko yao ameivunja na ambao watamsamehe au kumhukumu. Kijana wa Kristiania hana watu hao. Miiko ndiyo mali yake ya mwisho, na akiivunja hakuna atakayejua kwamba aliwahi kuwa nayo.

Kwa sababu hiyo kitenzi cha tatu, kudai, hupata nguvu ya ajabu. Mwuza duka mmoja amrudishia kwa makosa chenji ya fedha ambayo hakuitoa. Aichukua, ala nyama, aitapika, na dhamiri yamsumbua. Fedha iliyobaki aimwaga mikononi mwa mwanamke auzaye keki njiani, bila kueleza neno. Msomaji adhani jambo limekwisha. Lakini katika sehemu ya mwisho, njaa ikiwa imemkaba, aenda kwa mwanamke yule yule na kuzila keki zake kwa haki ya mwenye kudai, akisema kwamba alimlipa kabla. Pengine hapana ukurasa mwingine katika kitabu unaochekesha na kuumiza kwa pamoja namna hii. Kuomba keki moja kungemwua. Kudai keki nyingi kwampa uso. Na bahasha ya kroni kumi iliyoletwa kwake na mtumishi, sadaka iliyo dhahiri, hawezi kuikalia hata dakika moja: aikunjakunja na kumtupia mama mwenye nyumba usoni, kama malipo ya kodi. Kwa mtu huyu fedha haina budi kuwa deni la mtu fulani, ama sivyo ni fedheha.

Wataalamu wa lugha watapenda kukaa kidogo juu ya neno alilolibuni usiku ule wa kituo cha polisi. Gizani, akiogopa kwamba giza lenyewe limemmeza, alipata neno jipya, Kuboå, akafurahi kama mtu aliyevumbua bara. Kisha akahangaika kulitafutia maana. Akakataa maana moja baada ya nyingine, za mambo ya dini na za vitu vya sokoni, akaamua kwamba lazima liwe jambo la moyoni. Katika Kinorwei neno hilo ni tupu kweli. Katika Kiswahili si tupu hata kidogo. Sikio la Mswahili lisikiapo silabi ya ku- mwanzoni husubiri kitenzi. Limekwisha kulipa neno ngeli na upatanisho kabla ya mwenye neno kusema litamaanisha nini. Na zaidi ya hayo, vijana wa mijini siku hizi wana kitenzi kuboa, chenye maana ya kuchosha na kuudhi, ambacho kitaingia bila kukaribishwa. Mfasiri akiliacha neno kama lilivyo, atakuwa ameweka kitu kisichokusudiwa. Akibuni jingine, hatakwepa ngeli, maana jina la Kiswahili lisilo na ngeli haliwezi kuambatana na kivumishi wala kitenzi. Lugha hii hairuhusu neno kukaa peke yake. Hilo ni ugumu kwa mfasiri, lakini laonyesha kwa uwazi kile ambacho kijana yule alikuwa akikitaka gizani: kitu kilicho chake bila kupewa na mtu, na bila kuhitaji kukubaliwa na mtu.

Jina jingine la kubuni, Ylajali, alilompa msichana aliyemfuata njiani, lina bahati ya kinyume. Mswahili asiyejua asili yake atasikia humo kitenzi cha kujali. Ni ajali tu ya sauti, wala haifai kujengewa hoja. Ila hakuna sababu ya mfasiri kuilalamikia.

Shida iliyo kubwa kuliko hizo ni ya kuitana. Katika mji wa Hamsun watu waitana kwa umbali. Yule mchechemeaji, yule mwuza keki, mama mwenye nyumba, wote ni watu wa njiani. Kiswahili hakikubali hivyo kwa urahisi. Mchechemeaji akiitwa "mzee", kama ambavyo kijana yeyote wa pwani angemwita bila kufikiri, basi amekwisha kuwa baba wa kijana yule, na haki ya baba ni kutunzwa. Tendo la kuweka kizibao rehani lapoteza wazimu wake na kuwa adabu ya kawaida. Mwuza keki akiitwa "mama", keki zake haziwezi tena kudaiwa. Zaweza kuombwa, na mama angetoa. Kwa maneno mawili hayo ya upole hadithi nzima ingeporomoka. Mfasiri hana budi kuwa mkavu kuliko alivyozoea, abaki na "bwana" na "bibi", na akubali kulaumiwa kwamba Kiswahili chake hakina joto. Ukosefu huo wa joto ndio habari yenyewe. Mgeni afikapo katika mji wa Waswahili huulizwa atoka wapi na ni mtoto wa nani, na jibu lake, liwe la kweli au la uongo, humfungulia mlango au kumfungia. Katika Njaa hapana aulizaye hivyo. Polisi wauliza jina na kazi. Mwenye duka la rehani aitazama nguo. Mhariri wa gazeti auliza makala. Kutambuliwa kwapitia katika mambo hayo matatu tu, na mtu asiye na kazi, wala nguo, wala makala iliyokubaliwa, hana pengine pa kujitambulishia ila katika uongo.

Haipasi kukisifu kitabu kupita kiasi. Sehemu ya tatu, yenye mapenzi ya Ylajali, ni dhaifu. Msichana yule hana maisha ila kwa kadiri anavyotazamwa, na mtungaji mwenye masikio makali vile kwa aibu ya mwanamume hakuijali aibu ya mwanamke. Laana anazozielekeza mbinguni zinarudiwa mpaka zachosha. Wala mtungaji hana haja ya kutakaswa. Alipata tuzo ya Nobel ya 1920, kwa ajili hasa ya kitabu chake cha 1917 juu ya mkulima aliyefungua ardhi; uzeeni aliwaunga mkono Wajerumani walioikalia nchi yake kuanzia 1940 hadi 1945, na baada ya vita alihukumiwa kulipa fidia kubwa. Wako wanaosoma kiburi cha kijana wa Njaa kama mbegu ya siasa hiyo. Usomaji huo ni wa haraka mno. Kiburi cha kijana hakimdharau mtu aliye chini yake kwa muda mrefu. Mara zote hurudi kumtia yeye mwenyewe adabu, na yule mzee wa maziwa ndiye apataye fedha.

Mwisho wa kitabu umelaumiwa kuwa wa ghafula. Kijana ashuka bandarini, aiona meli iitwayo Copégoro, na kuzungumza na nahodha. Meli yaenda Leeds, kisha Cadiz. Auliza kama mtu aweza kuhitajiwa. Nahodha ataka kujua kama amewahi kuwa baharia. Hapa msomaji, aliyekwisha kusikia juzuu tatu za falsafa, ufunguo uliopotea na mbwa asiyekuwapo, angojea uongo mkubwa kuliko yote. Haupo. Kijana ajibu kwamba hajawahi, ila apewe kazi yoyote na ataifanya. Nahodha amkubali, kwa sharti kwamba mambo yasipofaa wataachana Uingereza. Mahali hapa, na hapa tu, mfasiri aweza kukitoa kile kitenzi alichokiweka akiba tangu mwanzo, na kuandika kwamba kijana aliomba kazi.